Fundi Aliyeua Laptop Yangu kwa Mdomo

Fundi mmoja hapa Kitale leo ametangaza kifo cha laptop yangu bila hata kuigusa.

Ilikuwa imekataa kuona waya unaoiunganisha na redio yangu ya mawasiliano, na saa nane nilifaa kuongea hewani na Mzee Wafula wa Bungoma, mwalimu mstaafu aliyenifundisha mambo ya redio. Nikabeba laptop, waya na redio mpaka dukani kwa huyo fundi.

"Motherboard imeisha, bana. Tafuta ingine."

Ati ingine!

Nikampigia Mzee simu.

"Si uangalie kwanza namba ya poti?"

Kumbe laptop ilikuwa imeupa waya poti, yaani mlango wa mawasiliano, namba tano, na programu ya redio inatafuta namba tatu. Nikabadilisha hapo hapo kwenye kaunta. Redio ikaanza kutii laptop.

Fundi, bila haya: "Si nilijua tu ni kitu kidogo."

Hii jeuri wanasomea wapi?