Siku Nilipobariki Maharage Makere

Nimefundisha historia ya Roma ya kale chuo kikuu kwa miaka ishirini, na muda wote huo nimetamani mama yangu ajivunie kazi yangu. Mwezi uliopita nilirudi kwetu Makere kumwona, nikakuta majirani wamejaa uani wakinisubiri kwa ugali na maharage. Mama alikuwa amewaambia kwamba mwanawe alisomea mambo ya Roma. Kwa kuwa sijaoa hadi leo, wote, pamoja na yeye mwenyewe, waliamini mimi ni padri.

Nilipaswa kuwasahihisha palepale. Lakini mama aliniita "Padri wangu" kwa sauti ya furaha ambayo sikuwahi kuisikia, nikanyamaza kama mjinga.

"Tubarikie chakula," akasema.

Nikanyoosha mikono. Kilatini kilichonijia haraka ni maandishi ya kaburi la askari mmoja wa Kirumi, ambayo nimeyafundisha mara nyingi. Nikayatamka yote kwa madaha. Watu wakaitika "Amina," na mama akafuta machozi.

Katekista mmoja mstaafu, aliyewahi kusoma Kilatini seminari, ndiye pekee ambaye hakuitika.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "huyo askari uliyesema amelala hapa, amelala wapi? Kwenye maharage?"

Ikabidi niseme ukweli wote.

Mama akauliza, "Sasa hiyo Roma yako ina nani?"

"Watu waliokufa zamani, mama."

"Na hao ndio wamekuweka mbali nami miaka yote hii?"