Siku Nilipoanua Mahindi ya Makumbusho

Naomba mcheke mapema mmalize, maana mimi mwenyewe mpaka leo sijui nilikosea wapi hasa, najua tu kwamba nilikosea mbele ya watu wengi, tena ugenini, tena nikiwa na shati la kuazima.

Chiara mnamkumbuka, yule dada Mwitaliano aliyekaa kwetu Chanji akifundisha ushonaji, mimi nikimpeleka vijijini kwa pikipiki (tangu niache shule nimefanya kazi nyingi, hata kupakua dagaa Kipili, lakini ile niliipenda kwa sababu kila nilichouliza alinijibu). Aliporudi kwao Verona akaniita nikatembee, wazazi wake wakanikatia tiketi, nikaenda. Alikuwa amepata kazi kwenye makumbusho ya sanaa, bado wanamjaribu, na asubuhi aliponiingiza mle akaniambia, "Kaka Deo, leo mkurugenzi ana wageni. Angalia chochote, uliza chochote, ila usiguse. Leo nikiharibu, kazi sina."

Na kweli, nusu siku nilitembea na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, na nilifurahi jamani. Niliona Bikira Maria wa kila namna, mmoja amechoka kama mama aliyetoka kulima, nikaona samaki aliyechorwa vizuri mpaka nikainama kumnusa (kunusa si kugusa). Mchana tukala jirani ugali wa njano, wenyewe wanauita polenta, na nyama inayoachia mfupa yenyewe. Nikaomba maji ya kunawa, mhudumu akaleta ya kunywa, nikanawa hayohayo. Chiara akatazama dirishani.

Tuliporudi akaniambia nimsubiri kwenye benchi. Mimi nikaona mlango wa uani uko wazi, nikasema nichungulie tu.

Uani wameanika mahindi. Mahindi ya kweli, yamepukuchuliwa, yametandazwa juu ya mashuka meupe uwanja mzima. Kando kulikuwa na kibao cha maandishi, Kiitaliano sijui, nikakiacha. Nikatazama juu, wingu jeusi, upepo ule wa baridi unaotangulia, na tone la kwanza likanipiga shingoni.

Sasa nyie mnajua. Kwetu, toka Kizwite mpaka kijiji cha mwisho, mvua ikikukuta unapita na mahindi ya mtu yako nje, huulizi ya nani, unaanua, na ukiyapita utasemwa mpaka kanisani. Miguu ilinitangulia. Nikakamata pembe za shuka, nikaburuta mpaka barazani, nikarudia la pili, huku naita, "Jamani saidieni, yanalowa haya." Kiswahili hakuna aliyekielewa, ila mikono yangu waliielewa: bibi wawili watalii wakaweka mikoba chini wakashika shuka, wengine wakafuata, wengine wanapiga picha. Mlinzi akaja mbio, nikajua kaja kusaidia, nikamkabidhi pembe, "Shika huko, mjomba, vuta." Akavuta. Nadhani naye alichanganyikiwa.

Tukaanua yote, watu wakapiga makofi. Nageuka, nakuta wageni waliovaa vizuri, mkurugenzi, na mama mmoja mwembamba mwenye mvi ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mvua sasa inanyesha barabara kwenye uwanja mtupu. Chiara akanisogelea, sauti ndogo.

"Deo, hayo mahindi ni kazi ya sanaa ya huyo mama. Yaliwekwa yanyeshewe, yaote. Hawa wote wamealikwa kuiona mvua."

"Yanyeshewe?"

"Ndiyo."

"Makusudi?"

"Makusudi."

Kila neno nililielewa, maana yake ndiyo ilikataa kuniingia. Mahindi mazuri vile. Sikuwa na la kufanya, nikachuchumaa mbele ya yule mama nikapiga makofi ya taratibu, kama tunavyowapa heshima wakubwa Ufipa, na watalii wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakachuchumaa nao wakapiga makofi.

Mkurugenzi akamuuliza Chiara jambo, kidole kikinielekea mimi. Moyoni nilimwomba anikane, aseme hanijui, nibaki mwendawazimu wa kupita tu. Akajibu, kisha akanigeukia. "Ameuliza kama nakufahamu. Nimemwambia wewe ni kaka yangu, na mimi ndiye niliyekuingiza."

Tukayatandaza upya, mimi, yeye na yule mlinzi, mvua ikitupiga (nilitandaza mahindi kwenye mvua kwa mikono yangu mwenyewe, marehemu baba angeniona angeita ukoo).

Jioni kwao tulikuwa tunakunywa supu, simu yake ikalia, wa makumbusho. Hawakumfukuza, ila wamemtoa kwenye vyumba vya picha, atakaa mlangoni akipokea makoti ya wageni mpaka muda wa majaribio uishe. Nikaweka kijiko chini.

"Nilikuwa nawaona Chanji mkikimbia kuanua," akasema baadaye. "Hata ya adui yako unaanua?"

"Hata ya adui. Ugomvi unaendelea yakishakauka."

Akacheka, mara ya kwanza tangu mchana, na mimi ndipo nikaona aibu sawasawa.

Kwa hiyo nimeapa: nikialikwa tena makumbusho yoyote, nitafika na koti, hata kama ni jua kali, nimkabidhi Chiara pale mlangoni, na kama wana mahali pa kuning'iniza mikono ya mtu, nayo nitaiacha hapo.