Safari ya Ishirini ya Mama Chine

Kila Alima Mahamudi anapokaribia kusafiri, wanawake wa Mabanga, mtaa wake mjini Goma, humletea kamba. Ni vipande vya kamba nyembamba, kila kimoja kimekatwa kwa urefu wa unyayo wa mtoto fulani na kufungwa kikaratasi chenye jina. Alima hataki kusikia habari za namba za viatu. Akifika Guangzhou, Uchina, huingiza kamba ndani ya kiatu, na ikifika mwisho bila kujikunja, kiatu hicho hupandishwa ndege mpaka Goma.

Hakuzaliwa na mambo hayo. Babu yake alitoka Kasongo, kule Maniema, akafika hapa Goma na mizigo ya chumvi. Mama yake aliuza ndala sokoni Birere mpaka siku lava ya mlima wa moto iliposhuka na kumeza kibanda na vyote vilivyokuwemo. Alima alianza upya juu ya mkeka, na mumewe Rachidi, dereva aliyechoka kumsikia akilalamikia bei za matajiri wa jumla, akamwambia basi aende kule kule ndala zinakotoka. Rachidi amefariki sasa ni miaka tisa, lakini ushauri wake ulijenga nyumba. Jina la Mama Chine, yaani Mama Uchina, alipewa baada ya safari ya tatu, na sina haja ya kuficha kwamba alilipenda. Ukimwita Alima tu sokoni, unaweza kungoja sana kabla hajageuka.

Kuna jina jingine ambalo lazima nilitaje mapema. Jirani yake Gisèle, mama mmoja wa Bukavu, naye alijaribu kwenda Guangzhou miaka sita iliyopita. Fedha zilimwishia uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, akarudi siku ya nne na sanduku lake tupu. Asubuhi yake wanawake walikuwa kwenye bomba la maji wakipanga mabidoni ya kutekea, Gisèle akaja na lake. Alima akamtazama, akasema, "Karibu, Mama Retour."

Walicheka wote, maana retour kwa Kifaransa ni kurudi. Jina lilimganda. Gisèle hakujaribu tena, akaanza kuuza sambaza, visamaki vya ziwani, karibu na barabara, na mpaka leo wateja humwita hivyo bila kujua jina lilitoka kinywani mwa nani. Hata hivyo, kila Alima anaposafiri, Gisèle huja na kamba ya binti yake Ange kama wengine.

Safari hii ilikuwa ya ishirini, na Alima alikuwa ameitangaza kwa kila mtu. Aliazima masufuria makubwa, akachinja mbuzi, akamwalika imamu na watu wa mtaa mzima waje kusoma dua Ijumaa. Huo ndio utaratibu wake: dua kwanza, tiketi baadaye. Hajawahi kulipia kiti cha ndege kabla ya kusomewa, kwa kuwa anaona kufanya hivyo ni kumtangulia Mungu.

Jumanne kabla ya dua, Constant alimpigia simu kutoka Kampala. Constant ni kijana wa Bukavu anayewakatia tiketi wafanyabiashara wengi wa Goma tangu uwanja wao wa ndege ufungwe.

"Mama, kiti niko nacho," alisema. "Lakini utume malipo leo. Bei ya mafuta ya ndege inapanda kila siku, ile surcharge carburant, nyongeza ya mafuta, wanaibadilisha bila kuuliza mutu."

"Sijasomewa bado," Alima alimjibu. "Nitakulipa kwa mkono, nikifika."

"Mama, sikukatazi kusoma dua."

"Basi ungoje."

Jumamosi alfajiri alipanda basi la Kampala linalovukia mpaka wa Bunagana. Wanawake walimsindikiza mpaka barabarani kwa vigelegele, kamba thelathini na moja zikiwa ndani ya mkoba wake. Mdogo wake Yasmini alibaki kuangalia kibanda. Jumapili mchana Alima alikuwa ameketi mbele ya meza ya Constant, ametoa fedha na kuziweka juu ya kioo.

Constant hakuzigusa. Aligeuza kompyuta ili mama ajionee mwenyewe. Nauli yenyewe ilikuwa karibu ile ile ya mwaka jana. Lakini chini yake kulikuwa na mstari wa mafuta, na mstari huo peke yake ulizidi nauli nzima aliyolipa safari yake ya kwanza. Kwa jumla fedha za Alima zilipungua dola mia sita na arobaini.

"Mimi ninanunua kiti ao ninanunua mazutu ya ndege?" Alima aliuliza.

"Munanunua vyote viwili, mama. Siku hizi njo vile, hata wale wa kwenda Dubai wanalia."

Angeweza kuongeza fedha hizo kutoka zile za kununulia mali. Alipiga hesabu mara mbili na mara zote mbili jibu lilikuwa kwamba angefika Guangzhou na kurudi na masanduku nusu. Angeweza pia kurudi Goma. Basi lilikuwepo kesho yake. Alikwenda mpaka kituoni kuulizia, akasimama mbele ya dirisha, na kilichomjia kichwani ni bomba la maji la Mabanga, wanawake na mabidoni yao, na sauti yake mwenyewe ikisema karibu. Aliondoka dirishani bila kuuliza kitu.

Alipanga chumba katika nyumba ya wageni ya katikati ya mji. Kwa majuma matatu alizunguka maghorofa ya maduka ya Kampala, akinunua mali ile ile ya Wachina iliyokwisha kupitia mikono ya watu wengine, kwa bei iliyomuumiza. Aliingiza kamba moja moja ndani ya viatu. Wenye maduka walimshangaa, naye hakuwaeleza. Jioni alikula chumbani, kwa sababu barabarani angeweza kukutana na dereva wa Goma.

Uongo wa kwamba yuko Guangzhou aliupanga kwa bidii, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa aibu yenyewe: kugundua kwamba anauweza. Alikumbuka kwamba akiwa Uchina huwa hatumii WhatsApp, hutuma sauti yake kwa ile programu ya Wachina kwenye simu ya Yasmini, na Yasmini huwagawia wanawake wengine. Akafanya vivyo hivyo. Alihesabu masaa. Kampala ikiwa saa kumi alasiri, Guangzhou ni saa tatu usiku. Basi alijilaza kitandani jua likiwaka dirishani, akabonyeza simu na kusema kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Yasmini, musalimie watu wote. Huku ni usiku tayari, saa tatu. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Viatu vya Ange nimevipata, mwambie mama yake. Sasa ninalala."

Alipotuma aligeukia ukutani, akalia kidogo. Kisha alinawa uso, akatawadha na kuswali.

Alirudi Goma kwa njia ile ile aliyokwendea. Kesho yake, kama ilivyo desturi, wanawake walikuja kusikiliza habari za safari. Yasmini alitandika mikeka na kupika chai. Gisèle alikuja pia, akakaa karibu na mlango na mkoba wake wa sambaza. Alima aligawa viatu kwanza, na kila kiatu kilikuwa sawa na kamba yake. Aliwauzia kwa bei ya mwaka jana, hasara ikabaki kwake.

Halafu wakamtazama, naye akaanza kusimulia. Alieleza ndege, chakula chake, baridi yake. Safari nyingine wangemkatiza kila mara: Wachina wale walikupa chai gani, yule mzee wa kufunga mizigo bado yupo, uliongea nao vipi. Safari hii hakuna aliyeuliza lolote. Waliitikia kwa vichwa tu, na macho ya wengi yalikuwa ndani ya vikombe. Alima aliona hivyo, akadhani ni uchovu wa soko.

Akafika kwenye mvua. "Ilinyesha siku nzima," alisema, "nikawa nimekwama pale kwa... nikawa nimesimama kule..."

Akakwama kweli. Mitaa yote aliyoijua kwa miaka kumi na sita ilimtoka kichwani, na iliyobaki mbele ya macho yake ni ngazi za lile ghorofa la Kampala. Yasmini akaacha kumimina chai.

"Kwa lile daraja," alisema Gisèle kutoka mlangoni, taratibu. "Lile la kupita kwa miguu juu ya barabara. Unasimamaka pale na yule mama wa mahindi ya kuchoma."

"Pale pale," Alima alisema. "Kwa mama wa mahindi." Akaendelea, na maneno yakamjia tena, hata akawachekesha kidogo mwishoni. Kichinichini alijipongeza. Mtu ambaye hajawahi kufika Uchina anayakumbuka masimulizi yake mpaka mama wa mahindi! Ndivyo alivyofikiri, na baadaye wazo hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Wanawake walipoaga, Yasmini alibaki kukusanya vikombe. Alivipanga kwenye sinia, akavipangua, akavipanga tena.

"Dada," alisema, "nikuoneshe kitu, usikasirike."

Alitoa simu yake na kuibonyeza. Sauti ya Alima ikatoka, imechoka vizuri kabisa: huku ni usiku tayari, saa tatu. Na nyuma ya sauti hiyo, wazi kama inatoka chumba cha pili, msikiti ukaadhini alasiri. Muadhini hakuacha neno. Mvua imenyesha tangu asubuhi, alisema Alima, na muadhini akawaita watu kwenye swala.

Alima ameishi karibu na misikiti maisha yake yote. Amelelewa na adhana, ameolewa nayo, ameuza ndala chini ya vipaza sauti vyake. Aliingoja, akaitikia moyoni, akaenda kuswali, na hata mara moja hakuwaza kwamba simu nayo inasikia. Na ni yeye mwenyewe aliyewaambia wanawake hao, safari baada ya safari, kwamba kitu anachokikosa sana kule Guangzhou ni adhana, kwa kuwa haisikiki nje hata kidogo.

"Nani alisikia?" aliuliza.

"Wote. Nilituma kwa kundi letu mbele ya kuisikiliza mpaka mwisho."

Alima alikaa chini mkekani. Aliwaona mmoja mmoja: wale walioitikia kwa vichwa, wale waliotazama vikombe. Walijua tangu hapo, wakaja, wakakaa, wakamsikiliza akieleza baridi ya ndege ambayo hakuipanda. Alitamani wangemzomea.

"Na hakuna aliyesema kitu?"

"Walianza kucheka," Yasmini alisema. "Mmoja wao, Mama Lukogo, akasema amepata jina jipya la kukupa. Gisèle alikuja hapa jioni ile ile, akatuomba tufute. Alisema umeenda mbali juu ya watoto yetu, mutu asimupe jina. Alisema jina ikikushika haitokake tena."

Usiku ule Alima hakulala. Asubuhi alivaa mtandio wake wa kawaida, akaenda barabarani kwenye meza ya sambaza. Kulikuwa na wateja wanne wamejipanga, naye akasimama nyuma yao. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia Gisèle pembeni, kwa sauti ndogo.

Msichana aliyekuwa mbele alinyoosha bakuli. "Mama Retour, unipimie ya elfu mbili."

Gisèle alichukua bakuli na kuanza kupima. Hakuinua hata kichwa. Alikuwa amekwisha kulizoea.

"Usimwite vile," Alima alisema.

Msichana aligeuka. Wengine pia wakageuka, na wa duka la upande wa pili akasogea mlangoni, maana Mama Chine hajulikani kwa kupanga foleni. Yale maneno ya pembeni hayakufaa tena.

"Jina lile nililitoa mimi," alisema. "Huyu ni Mama Ange. Mimi sikufika Chine safari hii. Tiketi ilinishinda, nikajificha Kampala majuma matatu, nikawadanganya watu. Kama munatafuta Mama Retour, ni mimi."

Kisha yule msichana akacheka, akiziba mdomo kwa kiganja, na yule wa dukani akacheka naye. Kufika saa sita, jina lingekuwa limekwisha kufika Birere, na Alima alilijua hilo. Alisimama pale pale, mikono imeshika mkoba, macho yamejaa machozi.

Gisèle alimaliza kupima za msichana, akapokea fedha. Wateja wengine watatu wakapita. Alima alipofika mbele ya meza, Gisèle alishika kipimo chake.

"Wewe nikupimie ya ngapi?" aliuliza.

"Ya elfu tatu, Mama Ange."

Gisèle alimpimia.