Jino la Fundi Picha

Mtaani walimwita Fundi Picha, ingawa hakuwahi kumpiga mtu picha hata moja. Kwa miaka kumi na tisa alipiga picha za mabomba ya mafuta. Unaweka filamu nyuma ya kiungo kilichochomelewa, unafungua kasha zito lenye chembe ya mionzi, unasubiri mionzi ipenye chuma ichore picha. Kazi hiyo aliifanya na shemeji yake, kaka mkubwa wa mke wake, ndiye aliyemtafutia kibarua.

Shemeji alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa damu. Tangu hapo mke wa Fundi alikuwa akimtazama mumewe kwa wasiwasi. Kampuni ilishafungwa, na kumbukumbu za zile beji za kifuani za kupimia mionzi zilipotea. Basi mkewe akamburuta hospitali akapimwe.

Mtaalamu, binti mchangamfu, aliwaeleza kwamba jino hutunza alama ya mionzi kwa miaka mingi.

"Kwa hiyo unaning'oa?" Fundi akauliza.

"Hung'olewi, baba. Tunalipima humo humo mdomoni."

"Afadhali," mkewe akadakia, "maana yaliyobaki ni ya kuhesabu."

Akakalishwa, kichwa katikati ya sumaku mbili kubwa, kijipete cha waya kikigusa jino la mbele. Asitikisike. Katika kimya kile akawa kama anamsikia shemeji, kama enzi za kazini: "Wewe sogea huko! Nenda kalinde njia!" Kila siku hivyo hivyo. Wakati ule alidhani shemeji hamwamini kushika kasha.

"Mashine haioni kitu," binti akasema. "Kama ulipata mionzi, ni kidogo kuliko inavyoweza kupima."

Mkewe akashusha pumzi. Fundi akabaki kuinamia viatu vyake.

"Mbona hufurahi, baba watoto?"

"Kasha alikuwa anashika kaka yako. Mimi alinifukuza mbali. Nikamnunia, wiki nzima simsemeshi."

Walikaa kwenye benchi la korido mpaka mfagiaji akawaomba wainue miguu.

"Natamani anifokee tena," Fundi akasema. "Hata mara moja tu."

Hawakurudi nyumbani. Walipanda basi mpaka kwa mjane wa marehemu, na Fundi akamsimulia yote, na wiki ile ya kununa hakuificha. Mjane alilia. Kisha akafuta uso, akavuta kiti karibu, akamwomba asimulie tena, safari hii polepole.