Una Nani Huko Enshi?

Juzi, ndani ya basi la London la kwenda Hayes, mbele yangu walikaa mama wawili wa Kipemba. Mmoja alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka Uchina, kwenye mji wa Enshi, ambao mimi hata jina sijapata kulisikia.

"Una nani huko?" mwenzake alimuuliza.

"Sina mtu. Nilikwenda kutazama majabali."

"Majabali!" Akajifunga mtandio upya, kama aliyetajiwa jambo la aibu.

Nilimwelewa. Kwetu safari hufungwa kwa harusi, kwa msiba au kwa mgonjwa. Jabali halialiki mtu.

Msafiri akatoa simu, akamwonyesha picha. Nikanyoosha shingo bila haya: korongo la kutisha, na katikati mwamba umesimama peke yake, mwembamba kama kijiti cha udi. Subhanallah ikanitoka.

"Wakati wa kushuka magoti yalinigomea," alisema. "Bibi mmoja muuza chai akaacha biashara yake, akanishika mkono ngazi zote mpaka chini. Shoga, miaka ishirini hapa London kazi yangu kuwashika mikono wazee wa watu. Siku ile nilishikwa mimi."

Mwenzake akaitazama tena ile picha. Kisha akauliza:

"Na huyo ndugu yako muuza chai, hajambo?"