Kabibi Akitikisa Chuo

Kabibi Thoya wa Kakuyuni hakuuza nazi bila kuitikisa. Miaka minane sokoni Malindi, kila nazi aliipandisha sikioni kama anayepokea simu, na mteja akitilia shaka humwambia, "Ikiwa mbovu rudi nayo, nitaila mwenyewe!"

Sasa alitaka kuwa mpishi wa hoteli, kofia ndefu na cheti. Hofu yake ilikuwa hicho cheti. Binamu yake Ziro alisoma miaka miwili, akapeleka chake hotelini, akaambiwa chuo alichosoma hakitambuliwi popote. Leo cheti cha Ziro kinafunika mtungi wa maji, na kazi hiyo kwa kweli kinaiweza.

Basi Jumatatu akaingia Chuo cha Nyota Saba, mtaani Barani. Vigae vinang'aa, maua ya plastiki, na mkuu wa chuo, Bwana Njenga, kajifunga tai kwenye joto la kuchemsha yai.

"Karibu, dada. Sisi tumetambuliwa na serikali."

"Imewatambua kwa sura ama kwa karatasi?"

Njenga akaonyesha ukutani. Kibali kipo, na fremu ya dhahabu juu. Kabibi akasogea hadi pua ikagusa kioo.

"Mbona hapa pameandikwa Rabai?"

"Hilo ni tawi letu kubwa. Ni kitu kimoja tu."

"Nikila Rabai, nitashiba Barani?"

Tangu yale ya Ziro alikuwa amejifunza: kibali hutolewa kwa mahali na kwa kozi, si kwa jina tu. Akafungua kwenye simu orodha ya mamlaka ya vyuo vya ufundi. Nyota Saba, Rabai: ushonaji na uashi. Barani, hamna. Upishi, hamna.

"Kwa hiyo, mwalimu, ningepika matofali?"

"Upishi tushaomba, dada. Wakaguzi watakuja wakati wowote."

"Wakiwapitisha niite. Nitawaletea nazi."

Nje akaendelea kuipekua orodha, mara akaangua kicheko peke yake hadi mwenye bodaboda akapunguza mwendo kumtazama. Kile chuo cha kwao Kakuyuni, chenye kibao cha kutu na mbuzi uwanjani! Upishi: kimeidhinishwa. Miaka yote alikiuzia nazi, na hakuwahi kukidhania.

Siku ya kwanza darasani, Mwalimu Zipporah akagawa nazi za kukuna. Ya Kabibi ilipopasuliwa, harufu iliwakimbiza wenzake madirishani.

"Hii tumeuziwa na nani?" mwalimu akafoka, kaziba pua.

Darasa zima likamgeukia.

Kabibi akafuta machozi ya kicheko. "Nipe, mwalimu. Nitaila mwenyewe."