Mdomo Chini ya Kitambaa

Sebuleni kwangu, hapa mtaa wa Dallas mjini Embu, umening'inia mkanda wa ngozi ambao wageni hudhani ni wa kufungia ng'ombe. Ukiusogeza puani, bado unanuka moshi na jasho. Ulikuwa wa nyanya yangu. Akina mama wa kwetu walibeba mizigo hivyo: mkanda utosini, kuni mgongoni, shingo ikivuta kama ya fahali.

Nilikuwa na miaka saba mwaka ule mvua ilipokosa kunyesha kijijini kwetu Kianjai misimu miwili mfululizo. Mimi na kaka yangu Mutwiri tuliishi kwa nyanya. Jioni, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota, alitusimulia habari za zimwi lenye midomo miwili. Mdomo wa mbele ulizungumza kwa upole na kuonja chakula kidogo tu mbele za watu. Wa pili ulifichwa kichwani chini ya nywele, na huo ulimeza mbuzi, kisha ghala, hatimaye wenye ghala, wakati hakuna aliyetazama. Mchana hakukubali kusimulia hata tumbembeleze vipi. Anayesimulia mchana hupoteza mbuzi, alisema, nasi tulikuwa na mmoja tu.

Kisha nikaanza kuona mambo. Nyanya alipakua sahani mbili, yangu na ya Mutwiri. Akiulizwa, alisema, "Kuleni, mimi nimeshakula." Lakini lini? Nilishinda naye kutwa bila kumwona akitafuna. Na kitambaa chake cha buluu hakikutoka kichwani hata akilala. Ninyi mngefikiri nini, mkiwa na miaka saba?

Nilimnong'onezea Mutwiri. Akacheka hadi akakohoa. "Usiogope. Mwalimu alisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Litakubakisha masikio."

Mimi sikucheka. Nilimpenda nyanya kuliko mtu yeyote, na ilinibidi nijue kama kweli ni yeye. Mchana mmoja alisinzia ukutani kwenye jua, ungo wa kunde mapajani. Nikanyata, nikakivuta kitambaa taratibu.

Nywele zilikuwa nyeupe, chache. Katikati yake, kutoka upande wa sikio hili hadi lile, ulipita mfereji uliozama hadi kwenye mfupa, umefumbwa kama mdomo.

Nilipiga yowe, mbuzi akakata kamba.

"Kendi! Ni nyoka?" nyanya alizinduka.

"Ni mdomo! Ndiyo maana huli na sisi. Utatumeza!"

Mutwiri alikuja mbio, na safari hii hakucheka. Nyanya alijigusa kichwa, akaelewa. Nilingoja kuchapwa. Badala yake alinivuta magotini, akakichukua kidole changu na kukilaza ndani ya ule mfereji. Kilienea kabisa.

"Hapa ndipo mkanda hukaa, tangu nikiwa msichana," alisema. "Kuni zote, maji yote, viazi vyote vya kulea baba yenu, vimepita hapa. Hauumi."

"Basi kula nikuone."

Aliinuka. Akaingia jikoni, akatoka na githeri aliyotuwekea ya jioni, akala vijiko vitatu polepole, akinifungulia mdomo baada ya kila kimoja nihakikishe. "Umeona? Ni huu mmoja tu." Kisha akanisogezea sahani. "Malizia, mama. Mimi nimeshiba."

Nikaimaliza, kwa furaha ya kurudishiwa nyanya yangu.

Leo mimi ni mwalimu, na wanafunzi huniuliza zimwi lile ni nani hasa. Huwaeleza bila haraka: ni mtu ajifanyaye haonji kitu mbele yenu, kumbe anawala mkigeuka. Mwogopeni hata akiwa na sauti tamu. Hiyo ndiyo maana yake, na nyanya alitaka tuijue. Ila hadithi yake haikututajia kwamba wako watu wanaofanana na zimwi hilo kwa nje: hawali mbele yenu, na mkigeuka pia hawali.

Hilo nililielewa nikiwa na watoto wangu, mwezi mmoja unga ulipopungua, niliposikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Kuleni, mimi nimeshakula." Binti yangu aliniangalia, akaanza kula.

Tangu siku ile pana sheria ambayo wanangu huiona ya ajabu. Katika nyumba hii hakuna anayeruhusiwa kusema amekula kama hatukumwona akila. Hata mgeni. Hata mimi.